Inauliza Nilizaliwa Wapi

"Ukiigusa tena hiyo waya, wallahi Famau, nitaondoka nikuachie mashine yako ife hapo hapo."

Famau akaurudisha mguu chini ya kiti kama mwanafunzi aliyekanywa. Kompyuta yake ilikuwa juu ya meza ya kulia, juu ya kitambaa cha plastiki chenye maua ya waridi. Betri ilikwisha kufa zamani, ikawa inaishi kwa ile waya tu, na waya yenyewe imezungushwa utepe mweusi mahali pawili. Ni mtumba wa kutoka Dubai, na herufi ya A imefutika kwa kubonyezwa. Lakini mashine hiyo ndiyo iliyomlisha. Kismayu akiolewa mtu, hina yake, kuingia kwake ukumbini na machozi ya mamake vyote hupita humo, Famau akavikata na kuviunga na kuvitia nyimbo. Wiki ile ikaanza kukwama. Bi harusi wa watu aliganda mguu mmoja hewani, haendi mbele wala harudi nyuma.

Ndipo alipompigia simu Zakiya, anayefundisha kompyuta shule ya wasichana.

"Abaayo, njoo unipigie windo, Windows hii imekwisha."

Abaayo ni dada kwa Kisomali, na dada ndivyo alivyokuwa. Mtaa mzima ulijua kwamba Zakiya na Famau walinyonya ziwa moja, ziwa la Bi Fadhila, mamake Zakiya, kule kambini Kenya. Ndugu wa ziwa hawaoani mpaka Kiyama, kwa hiyo hakuna aliyekunja uso akiwaona pamoja. Zakiya akifika kwa kina Famau huvua buibui mlangoni, akautupa mtandio kwenye kiti chochote, akakaa na nywele zake zilizosukwa mafundo mawili, kama aliye kwao. Siku ile mtandio ulikuwa kwenye kiti cha upande wa pili wa meza, karibu na mkono wa Famau.

"Harusi zote nimezihamishia kwenye diski ya nje," Zakiya alisema. "Picha zako, nyimbo zako, hata takataka zako. Sasa inauliza, ifute yote yaliyomo?"

"Yote yote?"

"Yote. Windo jipya halikai juu ya uchafu wa zamani."

"Ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Vitu vyako si hivi hapa?"

"Najua. Kufuta tu kunanitisha."

Zakiya akacheka, akabonyeza. Kioo kikawa buluu, na hesabu ndogo ikaanza kupanda, moja, mbili, tatu kwa mia, kwa uvivu wa mtu anayepanda ngazi na mzigo kichwani.

Hapo sasa hapakuwa na kazi ya mikono. Na Zakiya, mikono yake ikikosa kazi karibu na Famau, ndipo alipokuwa akiteseka. Lilikuwa jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Mwaka huu wote, Famau akisema jambo dogo, "leta kalamu", "maji yamechemka", kifua chake Zakiya kilishituka kama aliyeitwa kwa jina. Alijisomea dua. Alifunga Jumatatu na Alhamisi. Alijiuliza ni ugonjwa gani huu, msichana mzima na ndugu yake wa ziwa. Akaona heri aolewe, aende mbali.

"Adnani anajibiwa lini posa yake?" Famau aliuliza, macho kwenye ile hesabu.

"Ijumaa. Mama kasema nikuulize wewe. 'Kamuulize nduguyo, yeye anawajua wanaume wenziwe.'"

"Nimemuulizia. Ana duka la vitambaa Mombasa. Haachi sala. Hajapata kuoa. Hana maneno na watu."

"Sikukuuliza ana nini."

"Umeniuliza nini?"

"Nimekuuliza wewe unasemaje."

"Mimi ni nduguyo. Ndugu akiona mtu ni mzuri, husema ni mzuri."

"Basi nitaolewa naye."

"Olewa."

"Na utanipigia video?"

"Nitakupigia."

"Usinigandishe mguu hewani."

Alitaka kumchekesha, lakini Famau hakucheka. Aliinua macho, akamtazama, na mtazamo ule ukakaa kidogo zaidi ya ulivyotakiwa kukaa. Zakiya akawa wa kwanza kuangalia chini. Maua ya kitambaa yakamchanganyikia, asijue lipi jekundu na lipi la zambarau.

"Mbona umekasirika?" aliuliza.

"Sikukasirika."

"Umekasirika, Famau. Tangu nimekuja hujaniita abaayo hata mara moja."

Kabla hajajibu, mlango wa chumba cha ndani ukafunguka. Akatoka Bi Mwanahija, nyanyake Famau, mama wa mamake. Aliletwa kutoka Burgao kupasuliwa mtoto wa jicho, na maisha yake yote alikuwa hajakaa Kismayu zaidi ya kupita. Siku zote hizi alikuwa na macho yaliyofungwa bandeji, akilala na kusikiliza nyumba. Asubuhi ile ndiyo aliyofunguliwa. Alikuja akipapasa ukuta kwa mazoea, kisha akakumbuka kwamba anaona, akauacha ukuta. Akamwangalia Zakiya kuanzia vidole vya miguu hadi kwenye yale mafundo mawili.

"Famau," alisema kwa lafudhi ya Burgao. "Ni mchu gani huyu, umekaa naye kichwa wazi?"

"Bibi, ni Zakiya! Juzi si mlisalimiana?"

"Sauti niliisikia. Nilidhani sauti ina mtandio."

Zakiya akacheka, akainuka kumbusu mkono. "Bibi, usinitilie shaka. Mimi na huyu ni ndugu. Mama yangu alimnyonyesha."

"Mamako nani?"

"Fadhila, mke wa Ishaq."

Kikongwe akafikiri. Hakuwa mtu wa pupa. Alivuta kigoda, akakaa, akazinyoosha pindo za leso yake magotini.

"Fadhila wa Ishaq namjua. Mchu mwema. Lakini huyu hakumnyonyesha."

"Kambini, bibi," Famau alisema kwa upole, kama mtu anavyomrekebisha mzee aliyesahau. "Mama alikuwa mgonjwa, hana maziwa. Mama Fadhila alikuwa na Zakiya mchanga."

"Nani aliyekuwa kambini? Wewe?" Bi Mwanahija akashangaa kweli. "Wewe umezaliwa Burgao, mvua inapiga, paa linavuja, na kitovu chako nimekikata kwa mkono huu. Aliyenyonya kwa Fadhila ni Famau wa kwanza, nduguyo mkubwa. Yule alikufa kule kule. Wewe ulipozaliwa ukapewa jina lake."

Feni ilizunguka. Halafu kompyuta ikazimika, kioo kikawa cheusi.

"Imekufa!" Famau akaruka.

"Haikufa," Zakiya akasema bila kufikiri. "Inajizima na kujiwasha yenyewe. Iache."

Ndipo alipoona mikono yake iko kichwani. Ilipanda yenyewe, imezifunika nywele, na vidole kumi havitoshi kufunika mafundo mawili. Aliutazama mtandio. Famau naye akautazama. Akanyoosha mkono auchukue, akasita, asijue kama bado ana ruhusa ya kuushika. Mwisho aligeuza uso ukutani, akaupitisha kwa nyuma juu ya meza. Zakiya akaupokea kwa ncha, wasigusane. Tangu utotoni walikuwa wakipokezana mikate, vitabu, hata mswaki mara moja. Leo kipande cha kitambaa kikawa kizito kama gunia.

"Kwani Barke hakuwaambia?" Bi Mwanahija aliuliza.

Barke, mamake Famau, aliingia muda si mrefu baadaye kutoka sokoni, na changu wawili kwenye mfuko wa plastiki. Alimkuta mwanawe amesimama ameelekea ukuta, Zakiya amejitanda hadi kwenye nyusi, na mama yake mzazi kwenye kigoda katikati yao kama boriti.

"Kuna nini? Nani amefariki?"

"Famau," alisema Bi Mwanahija.

Mfuko wa samaki ukamtoka Barke mkononi.

"Mama," alisema Famau, bado haelekei upande wowote. "Mimi nimenyonya kwa nani?"

Barke akakaa chini sakafuni, palepale penye samaki. Alipoanza kusema, alimtazama Zakiya.

"Mamako alikuwa amekwisha kuhamia Mombasa na babako. Mtoto akashikwa na homa, hakuiona Ijumaa. Jina lake likabaki kwenye kadi ya chakula, na mimi sikwenda kulifuta. Tulikuwa na njaa, mwanangu, uwongo hauna haja. Nikarudi Burgao, mwaka haukupita Mungu akanipa huyu, nikampa jina lile, na karatasi zile zile. Tulipohamia hapa Kismayu nikakutana na Fadhila. Akaona mtoto ananishika nguo. Akamnyakua! Akamnusa shingo. Akasema, 'Mwanangu niliyemnyonyesha, tazama alivyokua!' Akalia barabarani watu wanatazama. Sasa mimi ningemwambia nini? Na tena..." Barke akafuta pua kwa ncha ya buibui. "Na tena nilifurahi. Alikuwepo mtu mmoja duniani ambaye kwake mtoto wangu hakufa."

Zakiya alijaribu kuliweka jambo hilo kichwani, halikukaa. Alihisi kama mtu aliyeamshwa usingizini akaambiwa kwamba yuko nyumba nyingine. Furaha ikamjia, akaionea haya. Huzuni ikaja, akaona si yake. Alitaka kumuuliza mtu anatakiwa ahisi nini, na mtu aliyekuwa akimuuliza mambo yote ndiye huyo asiyeweza sasa hata kumtazama.

"Niende kwetu," alisema.

"Nenda," alisema Famau haraka. Halafu: "Lakini hii imeleta kitu. Inauliza."

"Usiizime!"

"Siizimi. Lakini mimi sijui kujibu."

Bi Mwanahija akanyoosha mkono kuelekea pazia la mlango wa ukumbini. "Wewe binti, kakae nyuma ya lile. Yeye asome, wewe umjibu. Mimi niko hapa katikati, na yeo macho ninayo."

Basi ikawa hivyo. Zakiya akakaa kwenye mkeka nyuma ya pazia la kijani, akaona vivuli tu. Barke alikuwa sakafuni, kikongwe kwenye kigoda, na Famau peke yake mbele ya mashine.

"Inauliza nchi."

"Tafuta Somalia. Bonyeza. Ndiyo."

"Inauliza kibodi."

"Acha hiyo ilivyo. Ndiyo. Halafu?"

"Jina."

Kivuli chake kikaitoa mikono mezani.

"Andika Famau," Zakiya alisema. "Hilo ni lako. Ulipewa."

Vidole vikagonga. Ile A isiyoonekana aliitafuta mara mbili.

"Inataka neno la siri."

"Weka unalotaka. Usiniambie."

"Nimeweka. Inataka tena."

"Inahakikisha. Rudia lile lile."

"Imekataa. Hayafanani."

"Umekosea herufi. Andika polepole."

"Imekubali. Sasa inauliza... Aba..." Akalikata neno. Kutoka nyuma ya pazia Zakiya alisikia jinsi lilivyokatika. "Nikuite nani sasa?"

"Niite jina langu."

"Zakiya." Alilisema kama anayeonja chumvi. "Inauliza nilizaliwa mji gani. Inasema, siku nikisahau neno la siri, itaniuliza hili, ijue kuwa ni mimi."

Jibu hilo halikuwa la Zakiya.

"Skuli niliandika jina la kambi," Famau alisema, na sasa hakuwa akisema na yeyote. "Pasipoti, jina la kambi. Kila mahali. Miaka yote ninajaza kaburi la mtu."

"Andika Burgao, mwanangu," sauti ya Barke ilitoka sakafuni. "Andika Burgao. Nyumba ya nyanyako, mvua inanyesha."

Herufi sita, na kila moja ilisikika.

"Imekubali," alisema Famau.

Mashine ikaandika kwamba inaandaa mambo, wasubiri. Pazia likatikisika kwa upepo wa feni. Famau akasema kwa sauti ndogo, ingawa wazee wawili walikuwa wakisikia, na walisikia.

"Zakiya, Adnani ni mtu mzuri. Sikukudanganya. Lakini nilipokuwa namuulizia, kila nyumba niliyokwenda nilimwomba Mungu nisikie baya lake. Nikirudi natubu. Nilidhani nimelaaniwa."

"Mimi nilidhani nina ugonjwa," alisema Zakiya.

Bi Mwanahija akakohoa. "Salalaa! Wagonjwa wawili nyumba moja."

Hata Barke akacheka, cheko lenye machozi. Lakini Zakiya hakuweza kucheka, kwa sababu hapo ndipo lile jambo lilipomkalia kichwani, likakaa zima.

"Famau, mama yangu kazaa wasichana watupu. Mtoto wake wa kiume ni wewe. Kwenye harusi anakutambulisha, 'huyu mwanangu'. Ukija kuniposa, lazima aambiwe. Na akiambiwa, mwanawe amekufa. Tukitaka sisi kuoana, mama itabidi azike mtoto."

Kivuli cha Famau kikainama. "Basi asiambiwe. Nitakuwa nduguyo. Olewa Mombasa."

"Utakuwaje? Umenipa mtandio umeangalia ukuta."

"Basi unataka tufanyeje?"

"Sijui! Mimi ndiye ninayekuuliza!"

Barke ndiye aliyeinuka. Akaokota samaki wake, akawaweka kwenye sinia, akanawa mikono, akajifunga buibui upya. "Alinyonyeshwa mwanangu, na deni la shukrani ni langu," alisema. "Twende, Zakiya. Nitasema mimi."

Bi Fadhila alikuwa jikoni akikaanga kaimati. Alimwona Barke, akafurahi, akampa kigoda, akaendelea kuchovya mkono kwenye bakuli la unga na kuangusha vitonge ndani ya mafuta. "Zile zilizoiva vizuri mpelekee mwanangu," alisema. "Famau hazipendi nyeupe."

Barke akamshika ule mkono wenye unga. Akamwambia.

Fadhila hakupiga kelele. Alizima jiko kwanza. Akauliza mambo madogo madogo, yale wanayouliza wanawake. Homa ilimshika lini? Alikuwa amekwisha kuanza kukaa? Nani alimkosha? Alizikwa upande gani wa kambi, pana mti? Barke alijibu yote. Zakiya alisimama mlangoni, hajui amshike nani.

"Miaka yote," Fadhila alisema mwisho, "kila sala, namwombea maisha marefu."

"Nisamehe, Fadhila."

"Nyamaza kwanza. Sijui nikusamehe au nikufukuze." Akalia sasa, unga mashavuni. Alilia sana. Kisha akamgeukia binti yake, na macho yake yakasimama kwenye ule mtandio ulioshuka hadi nyusini. Mama ni mama. Hakuhitaji kuambiwa la pili.

"Kumbe," alisema. "Na wewe ndivyo?"

Zakiya akainamisha kichwa.

"Jana ndugu, leo mchumba? Watu watasema nini? Na yule wa Mombasa nimjibu kwa mdomo gani? Hapana, Zakiya. Hapana. Nimempoteza leo hii hii, sijamaliza hata kulia, na mnataka nimpokee tena kwa mlango mwingine? Kichwa changu hakiwezi."

"Sijakuomba kitu, mama."

"Hujaomba. Lakini umejitanda."

Kaimati zilipoa kwenye sinia. Ndipo walipomsikia mtu nje, kikohozi kidogo, kisha sauti.

"Hodi."

Bi Fadhila aliinua uso. Nyumba hiyo Famau alikuwa akiingia moja kwa moja hadi jikoni, akafunua vyungu, akala kwa mkono kabla hajasalimu. Hakuna siku aliyobisha.

"Hodi hapa," ilirudia sauti, na ilikuwa ya mtu asiyejua kama atakaribishwa. "Ni mimi. Famau, mwana wa Barke. Wa Burgao."

Mafuta yalikwisha kutulia kwenye karai. Fadhila aliusikiliza mlango kwa muda mrefu. Zakiya hakujua kama anaogopa Famau aambiwe aondoke au anaogopa aambiwe aingie.

Kisha Bi Fadhila akafuta unga mashavuni. Polepole akaivuta leso yake kutoka mabegani, akaipandisha, akaifunika nywele zake za mvi ambazo kijana yule alizijua tangu zikiwa nyeusi. Akaikaza chini ya kidevu.

"Zakiya," alisema, "mwanangu, andaa mkeka wa barazani. Tuna mgeni."